Kinga ya mama mjamzito haishuki, bali hupangwa upya

Mwanzisha uzi, Tororo

Ndugu wasomaji, mimi ni mfanyakazi wa maabara, na kwa miaka mingi nimepima damu za akina mama wanaohudhuria kliniki ya wajawazito. Ninaandika kwa sababu ya jambo lililompata shemeji yangu mwaka jana. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita, hakuwa na homa wala maumivu, akapimwa damu katika zahanati moja ya binafsi na chembe nyeupe zikaonekana kuwa 13,500 kwa kila maikrolita. Akaambiwa kwamba damu yake imeingiliwa na maambukizi makali. Alichomwa sindano za antibiotiki siku tano, akamaliza fedha alizokuwa ameziweka akiba kwa ajili ya kujifungua, na usiku wote huo alilala akiamini kwamba mtoto wake anaangamia tumboni. Niliiona karatasi ile baadaye. Kwa mtu asiye na mimba, chembe hizo huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Kwa mjamzito zinaweza kufika 15,000 bila ugonjwa wowote, na wakati wa uchungu wa kuzaa zinaweza kupita 20,000. Idadi peke yake, kwa mama asiye na dalili yoyote, haikutosha kumchoma mtu sindano hata moja.

Kosa hilo lina ndugu yake, nalo ni ile kauli tunayoisikia kila mahali kwamba mimba hula kinga ya mwili. Kama ingekuwa kweli, chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa kinga, zingepungua, wala hazingeongezeka. Ninachotaka kuonyesha katika uzi huu ni kwamba kinga ya mjamzito haizimwi. Hupangwa upya, kwa namna inayobadilika kadiri miezi inavyokwenda na inayotofautiana kati ya sehemu moja ya mwili na nyingine. Asiyeelewa hilo atamtibu mama ugonjwa asio nao na kuupuuza ule alio nao.

Tuanze na fumbo lenyewe. Mtoto aliye tumboni ana nusu ya urithi wake kutoka kwa baba, kwa hiyo kwa macho ya kinga ya mama yeye ni mgeni nusu. Tungemwekea mama kipande cha ngozi ya mumewe, mwili wake ungekikataa katika muda wa wiki chache, lakini mtoto hukaa miezi tisa akilishwa na damu ya mama huyo huyo. Swali hili liliulizwa wazi mwaka 1953 na Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 pamoja na Macfarlane Burnet kwa kazi yao kuhusu namna mwili unavyojifunza kuvumilia tishu za kigeni. Medawar alipendekeza majibu matatu: huenda mama na mtoto wametenganishwa kabisa, huenda mtoto hajakomaa kiasi cha kutambulika, au huenda kinga ya mama imelala. Majibu yote matatu yameonekana baadaye kuwa na upungufu, na hilo la tatu, ambalo ndilo watu wengi wanaliamini hadi leo, nadhani ndilo lililopotosha zaidi.

Hebu tutazame ukuta wa mji wa mimba katika miezi mitatu ya kwanza. Tungetarajia kuukuta hauna askari wa kinga, kumbe umejaa. Wengi wao, karibu asilimia 70 ya chembe nyeupe za mahali hapo, ni seli ziitwazo NK, jina ambalo maana yake ni wauaji wa asili, kwa kuwa katika damu kazi yake ni kuua seli zilizoingiwa na virusi. Katika mji wa mimba seli hizi haziui. Zinashirikiana na seli za kondo la nyuma katika kuibadilisha mishipa ya damu ya mama, ile myembamba iliyojisokota kama kamba, mpaka inapoteza misuli yake na kuwa mipana, ili damu imiminike kwa wingi na kwa upole kumfikia mtoto. Kwa upande wake, seli za kondo zinazogusana na mwili wa mama hazionyeshi zile alama za HLA-A na HLA-B zinazosababisha figo ya kupandikizwa ikataliwe. Huonyesha HLA-C, HLA-E na HLA-G tu, na seli za NK huzisoma alama hizo kwa vipokezi vyake.

Hapa nchi yetu ya Uganda ina mchango ambao ningependa kila Mganda aujue. Katika hospitali ya Mulago, watafiti wakiongozwa na Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakishirikiana na wenzao wa Cambridge, waliwachunguza akina mama waliopata presha ya mimba, ile inayotangulia kifafa cha mimba, wakawalinganisha na waliojifungua salama. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba hatari huongezeka pale mama anapokuwa na jeni za KIR, yaani zile zinazotengeneza vipokezi vya seli za NK, za aina ya AA huku mtoto akiwa na HLA-C ya aina ya C2, mchanganyiko ambao ulikuwa umeonekana pia kwa wanawake wa Ulaya. Lakini walipotafuta jeni zinazomkinga mama, walikuta kwamba zile za wanawake wa Uganda si zile za Ulaya. Kuna kundi la jeni za KIR linalopatikana kwa Waafrika ambalo linafanya kazi hiyo ya ulinzi. Ule mchanganyiko wa AA na C2 huzizuia seli za NK, na zikizuiwa mno, mishipa haipanuki vizuri, kondo hukosa damu ya kutosha, na baada ya wiki ya 20 presha ya mama hupanda. Kinga iliyolala sana ndiyo inayoleta ugonjwa hapa. Ningemwomba kila anayesema kwamba mimba ni kinga kuzimika alitafakari jambo hili.

Mchangiaji, Jinja

Musawo, asante kwa maelezo. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mimba ya kwanza nililazwa mara mbili kwa malaria, damu ikapungua mpaka nikaongezewa, na mtoto akazaliwa na kilo mbili na robo. Mimba ya tatu sikuugua hata siku moja, ingawa nilikuwa nyumba ile ile, karibu na ziwa lile lile. Wifi zangu wanasema mwili ulizoea. Je, kuna ukweli?

Mwanzisha uzi, Tororo

Mama, wifi zako wamesema kweli, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu kwetu Uganda hakuna mfano bora kuliko huu.

Mtu mzima aliyekulia hapa amekwisha kuumwa na mbu mara nyingi, na mwili wake una kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, dhidi ya sura nyingi za vimelea vya malaria. Ndiyo maana anaweza kuwa na vimelea kwenye damu bila kuanguka. Mwanamke anaposhika mimba ya kwanza, mwilini mwake kunaota kiungo ambacho hakikuwapo maisha yake yote, yaani kondo la nyuma. Ndani ya kondo kuna sukari iitwayo kondroitini salfeti A, na vimelea vya malaria vya aina ya falsiparamu vina protini moja, VAR2CSA, inayoweza kunasa kwenye sukari hiyo. Chembe nyekundu zenye vimelea hujikusanya humo, zikajificha zisipitie wengu ambako zingechujwa. Kingamwili alizokusanya mama tangu utotoni haziitambui sura hii kwa kuwa hazijawahi kukutana nayo. Kwa hiyo kinga yake haikushuka. Kilichotokea ni kwamba adui amepata mlango mpya ambao hauna mlinzi.

Katika mimba ya kwanza mwili hujifunza. Hutengeneza kingamwili dhidi ya VAR2CSA, na mimba ya pili hukuta silaha hizo tayari kwa kiasi fulani, na ya tatu hukuta nyingi zaidi. Mtoto wa kwanza ndiye aliyebeba gharama ya somo hilo, nami nimefurahi kwamba wako aliishi. Hatari nyingine ni kwamba vimelea vilivyojificha kwenye kondo mara nyingi havionekani katika tone la damu linalochukuliwa kidoleni. Nimewahi kuandika mwenyewe majibu ya "hakuna vimelea", na baada ya kujifungua kondo la mama huyo likakutwa jeusi kwa mabaki ya malaria. Tangu hapo simwambii mama kwamba yuko salama kwa sababu ya kipimo kimoja.

Kwa sababu hiyo vidonge vya SP (sulfadoksini-pirimethamini), dawa ya kukinga malaria, hutolewa kliniki kwa mjamzito hata asiyeumwa, kuanzia mimba inapoingia miezi ya kati, kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, na angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Vimelea vya ukanda wetu vimekuwa sugu kwa SP kwa kiasi kikubwa. Utafiti uliofanywa hapa hapa Tororo kwa wanawake 300, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta dalili za malaria kwenye kondo kwa asilimia 50 ya waliopewa SP, dhidi ya asilimia 27 ya waliopewa dawa nyingine ya malaria, dihidroartemisinini-piperakwini, kila mwezi. Hata hivyo nasisitiza kwamba SP isiachwe, kwa maana inaendelea kuwasaidia watoto kuzaliwa na uzito mzuri, na chandarua kiwe juu ya kitanda kila usiku.

Kuna kundi moja la kuangaliwa kwa makini zaidi. VVU huharibu ule mtindo wa mwili kujifunza mimba baada ya mimba, hivyo mama mwenye VVU anaweza kuugua malaria ya kondo katika mimba ya nne kama ile ya kwanza. Huyo anayemeza kotrimoksazoli, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, kila siku hapewi SP juu yake, kwa kuwa dawa hizo mbili zinagongana na kuleta madhara. Akitumia dawa za kufubaza VVU bila kukosa, anajikinga yeye na mtoto kwa pamoja.

Mchangiaji, mwanafunzi wa ukunga, Gulu

Kaka, naomba ufafanuzi. Umesema kinga haishuki. Lakini wakubwa wetu kazini hutusimulia mlipuko wa homa ya ini ya E ulioanza Kitgum mwaka 2007, ambapo watu zaidi ya 10,000 waliugua na wapatao 160 walikufa, na wajawazito walikufa kuliko watu wengine. Homa ya mafua ya mwaka 2009 pia iliwaelemea wajawazito. Tunawezaje kusema kwamba hawakuwa wamepungukiwa kinga?

Mwanzisha uzi, Tororo

Swali lako ni zito, dada, na sitalikwepa. Kupangwa upya hakumaanishi kwamba kila kitu kimekuwa imara. Baadhi ya silaha hupunguzwa makali kwa makusudi, hasa zile seli za T (aina nyingine ya chembe nyeupe) zenye kuua, na idadi ya seli za T za kutuliza huongezwa, ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao wasimshambulie mtoto. Wakati huo huo ile kinga ya haraka isiyohitaji mafunzo, ya chembe nyeupe za kumeza vijidudu, huongezeka, na ndiyo iliyopandisha namba za shemeji yangu. Kwa hiyo mjamzito hapati maambukizi ya kila aina kwa urahisi zaidi. Kuna machache, mafua, homa ya ini ya E, malaria, surua, na listeria inayotokana na bakteria wa kwenye chakula, ambayo yakimpata humwumiza zaidi.

Na ukali huo hautokani na upungufu wa kinga peke yake. Katika mafua, mji wa mimba umesukuma kiwambo juu, mapafu hayana nafasi ya kutanuka, na moyo tayari unafanya kazi ya watu wawili. Wakati mwingine tatizo ni kinga kujibu kwa nguvu kupita kiasi. Kwa upande wa homa ya ini ya E ninachoweza kukuambia ni kwamba virusi hivyo huenezwa na maji machafu, hatari hukua hasa katika miezi mitatu ya mwisho, na kwamba mjamzito mwenye macho ya manjano apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ningependa ukumbuke pia kwamba miezi haifanani. Mwanzoni, mimba inapojishikiza kwenye ukuta, mahali pale pana hali inayofanana na jeraha linalopona, yaani kuna uvimbe na shughuli nyingi, na huenda hali hiyo inachangia uchovu wa miezi ya kwanza. Miezi ya kati ni ya utulivu, mtoto anakua na mama wengi husema wanajisikia vizuri. Mwishoni uvimbe hurudi tena, safari hii ukisaidia kulegeza shingo ya mji wa mimba na kuanzisha uchungu. Maambukizi yanayowasha moto huo kabla ya wakati, hata yale ya njia ya mkojo, yanaweza kumleta mtoto njiti. Ndiyo sababu tunawaomba mkojo kila mara, jambo ambalo akina mama wengi huliona usumbufu.

Mchangiaji, Bombo

Assalaam alaykum. Mke wangu ana baridi yabisi ya viungo, vidole vilikuwa vimevimba hata asiweze kukanda unga. Alipopata mimba maumivu yalikwisha kabisa, tukamshukuru Mungu tukidhani amepona. Wiki ya sita baada ya kujifungua yamerudi kwa nguvu zaidi. Je, kuna kitu tulikosea?

Mwanzisha uzi, Tororo

Wa alaykum salaam, bwana. Hamkukosea. Baridi yabisi ya aina hiyo hutokana na kinga inayoshambulia viungo vya mwenyewe, na ule utulivu wa mimba huituliza pia. Daktari wa Marekani Philip Hench aliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii mwaka 1938, akaamini kwamba ndani ya mwili wa mjamzito kuna kitu kinacholeta nafuu, na utafutaji huo ulichangia kumfikisha kwenye kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950. Baada ya kujifungua breki huachiwa, na kurudi kwa maumivu katika miezi ya kwanza ni jambo la kawaida. Magonjwa mengine ya jamii hiyo hayafuati mkondo huo. Lupasi, kwa mfano, inaweza kuchachamaa wakati wa mimba. Mrudishe kwa daktari wake, mkamweleze kwamba ananyonyesha, kwa kuwa metotrekseti, dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huu, haifai wakati huu wala katika mimba nyingine.

Mchangiaji, mkunga mstaafu, Arua

Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu. Nilianza ukunga wakati ambapo mtoto wa siku saba aliweza kuletwa akiwa amekakamaa kama ubao, taya limefunga, hawezi kunyonya, na tulijua kwamba kitovu kilikatwa kwa kitu kichafu. Pepopunda ya watoto wachanga sitaisahau. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeitokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na sindano ya begani kwa mama, si kwa mtoto. Mwanangu wa Tororo, waeleze vijana jinsi sindano ya mama inavyomfikia mtoto, kwa maana bado kuna wanaoikataa wakisema itawafanya wagumba.

Mwanzisha uzi, Tororo

Shikamoo mama. Ni heshima kwangu.

Kondo lina mlango maalumu kwa kingamwili za aina ya IgG. Kuna kipokezi kinachozishika upande wa mama, kikazivusha ndani ya seli na kuziachia upande wa mtoto. Uvushaji huanza taratibu karibu na wiki ya 13, kisha huongezeka sana katika miezi mitatu ya mwisho, kiasi kwamba mtoto anayezaliwa kwa wakati wake anaweza kuwa na kingamwili hizo nyingi kuliko mama mwenyewe. Mama akichanjwa dhidi ya pepopunda, mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo huwa tayari zimo mwilini mwa mtoto siku ile kitovu kinapokatwa. Hakuna chochote katika chanjo hiyo kinachogusa uzazi.

Kutokana na hayo utaona kwa nini njiti hupatwa na maambukizi kwa urahisi, kwa kuwa ametoka kabla shehena haijafika. Malaria ya kondo na VVU pia hupunguza uvushaji huo, na hapo ndipo hasara ya malaria ya mama inapomfuata mtoto hata baada ya kuzaliwa. Baada ya kujifungua kazi huchukuliwa na maziwa, hasa dang'a, yale ya kwanza mazito ya manjano, ambayo yamejaa kingamwili za IgA zinazolinda utumbo. Bado ninakutana na akina mama wanaoyakamua na kuyamwaga wakiyaita machafu, na jambo hilo hunihuzunisha kila mara.

Mchangiaji, Entebbe

Naomba kuuliza kuhusu dawa za minyoo. Kliniki walinipa albendazoli, jirani akanionya kwamba huharibu kinga ya mtoto.

Mwanzisha uzi, Tororo

Jirani huenda alisikia nusu ya habari, na habari yenyewe ilitoka mjini kwenu. Kati ya mwaka 2003 na 2005 wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa Entebbe katika utafiti wa kupima albendazoli na prazikwanteli wakati wa mimba. Minyoo hutuliza kinga ya mwenyeji wake, kwa hiyo ilifikiriwa kwamba kuiondoa kungewafanya watoto waitikie chanjo vizuri zaidi. Haikuwa hivyo, mwitikio kwa chanjo za kifua kikuu, pepopunda na surua haukubadilika. Lililojitokeza ni kwamba watoto wa akina mama waliopewa albendazoli walipata ukurutu wa ngozi zaidi katika utoto wao. Ukurutu si kuharibika kwa kinga, na minyoo ya safura inamnyonya mama damu anayoihitaji siku ya kujifungua. Ikiwa umepita miezi mitatu ya kwanza na mkunga amekupa, meza.

Mchangiaji, Masaka

Na emmumbwa je? Mama mkwe ananiletea kila wiki, anasema inaongeza kinga.

Mwanzisha uzi, Tororo

Dada, mpokee mama mkwe kwa heshima zote, lakini emmumbwa ni udongo uliochanganywa na majani na mizizi, na kilichomo hutofautiana kwa kila mfinyanzi. Udongo unaweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe tumboni, ukabaki na upungufu wa damu. Isitoshe, kama nilivyoeleza, kinga yako haihitaji kuongezwa. Inahitaji kuachwa ifanye mpango wake huku wewe ukikingwa na mbu, maji machafu na upungufu wa damu. Mwambie mkunga kila unachotumia.

Mchangiaji, Jinja

Musawo, la mwisho kutoka kwangu. Mdogo wangu ameandikiwa kwenye kadi "O hasi". Ndiyo nini?

Mwanzisha uzi, Tororo

"O" ni kundi la damu, na "hasi" maana yake ni kwamba chembe zake nyekundu hazina alama iitwayo Rhesus D; mwenye alama hiyo huitwa chanya. Kwetu watu wa kundi hasi ni wachache, ndiyo maana jambo hili husahaulika. Ikiwa baba wa mtoto ni chanya, mtoto naye anaweza kuwa chanya, na damu ya mtoto ikiingia kwa mama wakati wa kujifungua, mimba inapotoka au hata anapoanguka vibaya, mwili wa mama hujifunza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama hiyo. Mtoto wa kwanza kwa kawaida husalimika, ila kingamwili hizo ni za aina ile ile ya IgG, kwa hiyo katika mimba inayofuata mlango wa kondo huzivusha kama zinavyovushwa zile za pepopunda, zikaenda kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Ipo sindano ya anti-D inayozuia mwili usijifunze, nayo hutolewa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya. Haipatikani katika kila kituo na bei yake si ndogo, hivyo aanze kuulizia sasa katika hospitali ya rufaa, asisubiri mwezi wa tisa. Aulize pia kama amepimwa kuona iwapo tayari ana kingamwili hizo, hasa ikiwa amewahi kupoteza mimba.